Boksi la kadi 1000 za Kilatini: maneno safi, tafsiri ndo zimeniangusha

Nimekaa na hili boksi miezi saba sasa, na kwa vile kila nikisema najifunza Kilatini kuna mtu anauliza aanzie wapi kwenye maneno, bora niandike mara moja niwe natuma hii. Kampuni siitaji, hizi kadi zipo za aina nyingi na karibu zote ni mtindo uleule, kwa hiyo nitakayosema hapa huenda ukayakuta na kwenye za kwako. Kadi 1000, ndogo za kushika kiganjani, mbele Kilatini nyuma Kiingereza, majina bluu, vitenzi nyekundu, vivumishi kijani, na lile rundo la vineno vidogovidogo limewekwa kijivu. Nimelipatia nyota tatu kati ya tano.

Nianze na sifa maana ni za kweli. Aliyechagua maneno alijua anachofanya. Hakuna zile habari za kuanza na rangi na wanyama na vyombo vya jikoni kama tunavyofundishwaga lugha nyingine. Hawa wameenda na maneno yanayojirudia kwenye maandishi yenyewe, kwa hiyo unakutana na et, sum, qui, non, hic, ille, ut, cum, si, res, facio, dico, habeo, magnus, omnis. Hesabu za namna hii si za jana, mwaka 1939 kule Chicago mtafiti Paul Diederich alishahesabu maneno zaidi ya 200,000 ya Kilatini pamoja na miishio yake, na siku hizi chuo cha Dickinson huko Pennsylvania, Marekani, wana orodha yao ya maneno kama 1000, bure kabisa, na makadirio yao ni kwamba hayo tu yanabeba kama asilimia 70 ya maneno kwenye maandishi ya kawaida. Sasa asilimia 70 inasikika nyingi mpaka uanze kusoma. Maana yake kila maneno kumi matatu huyajui, na mara nyingi hayo matatu ndo yamebeba habari. Nasema tu mtu asije akamaliza boksi akadhani kesho anamsoma Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, akiwa amejilaza.

Halafu kwa kuwa wanaosomwa sana ni akina Caesar, jenerali, na Cicero, mwanasiasa, boksi limejaa vita na siasa. Hostis, bellum, castra, legatus, consul, copiae. Baada ya wiki tatu nilikuwa naweza kuzingira mji mzima ila kuomba kijiko siwezi. Siwalaumu, ndo vitu Warumi walivyotuachia.

Upande wa majina wamefanya jambo moja la maana sana, kila jina lina umbo lake la pili, jenitivi, yaani lile la "ya" au "wa". Rex, regis, yaani mfalme, wa mfalme. Nox, noctis. Iter, itineris. Mwanzoni niliona kama wananijazia tu kadi, nikawa nakariri umbo la kwanza naruka, nikaja kuula wa chuya kwenye -us. Angalia dominus (bwana), corpus (mwili), manus (mkono). Ukiyatazama unasema hawa ndugu wa tumbo moja. Kumbe dominus ni domini, kundi la pili, la kiume, corpus ni corporis, kundi la tatu na si la kiume wala la kike, na manus ni manus hivohivo, kundi la nne, la kike. Umbo la kwanza halikwambii chochote, la pili ndo linakwambia jina liko kundi gani kati ya yale matano na shina lake ni lipi. Kwetu sisi hii si ngeni kihivyo. Ukiona ki- mwanzoni unasema KI-VI, halafu anakuja kiboko, umbo la KI-VI lakini upatanisho wa A-WA, kiboko mkubwa amelala, hakuna anayesema kimelala. Basi nauta (baharia) na agricola (mkulima) na poeta (mshairi) ndo viboko vya Kilatini, sura kama puella (msichana), sura ya kike kabisa, lakini ni vya kiume, unasema nauta bonus. Nilivyoliona hivyo sikulisahau tena, na hiyo haikuandikwa popote kwenye boksi, wao wameweka herufi m ndogo pembeni wakaondoka zao.

Vitenzi navyo vimeandikwa sehemu zote nne, fero, ferre, tuli, latum (nabeba, kubeba, nilibeba, iliyobebwa), hapo sawa. Ila shida ni kwamba zote nne ziko MBELE. Jicho linaona fero, ubongo unasema "kubeba, kuleta", unageuza kadi, umepata, unajipongeza. Halafu unafungua kitabu unakutana na tulit na hujawahi kumwona maishani. Kwenye maandishi ya Kirumi hasa yale ya kusimulia vitenzi vingi sana vipo kwenye wakati uliopita, kwa hiyo ile sehemu ya tatu ndo unayokutana nayo kila mstari, na ndo hiyohiyo kadi hazikupimi. Nashukuru boksi lilikuja na kadi tupu 40 nikazimalizia zote hapo. Mbele tuli, nyuma fero. Mbele sustuli, nyuma tollo. Posui, pono. Egi, ago. Iussi, iubeo. Na wale mapacha wabaya, vici ya vinco ambaye ameshinda, na vixi ya vivo ambaye ameishi. Hizo kadi 40 za mwandiko wangu mbaya zimenisaidia kuliko kadi 200 za kiwandani, sitanii.

Sasa vistari. Hili ndo limekula nyota nzima. Kilatini kina irabu fupi na ndefu, na ndefu kwenye vitabu vya wanafunzi zinawekewa kistari juu. Hawa hawajaweka hata kimoja. Najua kuna watakaosema mbona Warumi wenyewe hawakuwa wanaviweka hivyo, mbona ukinunua Cicero mzima havimo, kweli, lakini Warumi walizaliwa nayo hiyo lugha na mi sikuzaliwa nayo. Kwenye boksi langu kuna kadi liber maana yake kitabu, na kadi nyingine liber maana yake huru, zimeandikwa sawasawa, wakati ya pili ni līber. Malum ni uovu, mālum ni tofaa. Populus ni watu, pōpulus ni mti. Latus ni ubavu, lātus ni pana, na lātus huyohuyo tena anatokana na sehemu ya nne ya fero, ile lātum. Na mbaya kuliko zote, occidit. Kwa i fupi ameanguka, amekufa. Kwa i ndefu, occīdit, ameua. Hebu fikiria unasoma kesi ya mauaji na hujui kama mtu ni marehemu au ni mtuhumiwa.

Kwa sisi tunaoongea Kiswahili vistari vina kazi ya pili ambayo watengenezaji hata wasingeiwaza. Mkazo wetu upo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote, hatufikirii. Kilatini, kwenye neno la silabi tatu na kuendelea, kinaweka hapo tu kama hiyo silabi ni nzito, yaani ina irabu ndefu au imefungwa na konsonanti, vinginevyo mkazo unarudi nyuma silabi moja. Kwa hiyo amīcus ni a-MI-cus, hapo tupo nyumbani, lakini dominus ni DO-minus, na mi nimesema do-MI-nus miezi miwili bila mtu kuniambia. OCcidit kafa, ocCIdit kaua. Kistari kingeniambia. Nimekuja kuviongeza mwenyewe kwa kalamu, kadi baada ya kadi, na kamusi pembeni, jioni kama kumi na mbili hivi zimeenda hapo. Irabu zenyewe lakini a e i o u zinatukaa mdomoni vizuri kabisa, hilo tushukuru.

Mpangilio: alfabeti. Yaani cado, caedo, cedo zimekaa karibukaribu kwenye boksi, kuanguka, kukata, kuachia njia, unazikariri siku moja zinaingiliana mpaka leo. Tena cado na caedo wote wakati uliopita ni cecidi, tofauti ni i fupi na i ndefu, na vistari ndo hivyo havipo. Siku ya kwanza tu ukifungua boksi changanya kadi zote, uzimwage chini uzichanganye kama karata.

Na karata yenyewe ni Kilatini! Charta, ikapita kwa Wareno ikawa carta, ikatufikia. Hapa ndo nilianza kufurahia boksi kwa namna ambayo halikukusudia. Mensa, lile jina maarufu la kujifunzia kundi la kwanza, ndo meza yetu, kwa mlango uleule wa Wareno. Vinum ni mvinyo. Denarius kapita kwa Waarabu akawa dinari. Castra, kambi ya jeshi, na ndugu yake castrum, huyo naye kazunguka kwa Waarabu akaja kwetu kama kasri. Schola kapita kwa Wajerumani akawa shule. Video na audio tunazitumia kila siku wala hatujui kwamba ni vitenzi kamili, naona, nasikia. Ajenda ni mambo ya kufanywa, kutoka ago. Data ni vilivyotolewa, kutoka do, dare, dedi, datum. Veto ni nakataza. Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba ni saba, nane, tisa, kumi, mwaka wa Warumi wa zamani ulikuwa unaanza Machi ndo maana hesabu haikai. Nikahesabu kwenye boksi nikakuta zaidi ya kadi 60 ambazo tayari nina kipande chake mdomoni. Hakuna hata moja nililohitaji kukariri.

Tuje kwenye tafsiri, maana ndo sababu hasa ya kuandika. Nyuma ya kadi kuna neno moja au mawili ya Kiingereza basi. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa natoka Kilatini naenda Kiingereza halafu narudi Kiswahili, kama mtu anayetaka kwenda kwa jirani anaanza kwa kupanda basi. Na kumbe njiani vitu vingi vinadondoka, vitu ambavyo Kiswahili kingevibeba vizuri tu. Mfano wa kwanza uliniacha mdomo wazi: hic, iste, ille. Kiingereza kina maneno mawili tu kwa hapo kwa hiyo kadi ya iste na kadi ya ille zimeandikwa "that" zote mbili. Nikakaa nazo wiki sielewi kwa nini Warumi walikuwa na mawili. Halafu siku moja nikashtuka, hic ni huyu, aliye karibu na mimi. Iste ni huyo, aliye upande wako. Ille ni yule. Basi. Mfumo wetu wenyewe! Na hata ile dharau ya iste, wanasheria wa Kirumi walivyokuwa wakimwita mpinzani mahakamani, tunayo pia, "huyo naye!" Nilifuta Kiingereza nikaandika huyu, huyo, yule, na sijawahi kukosea hizo kadi tena.

Kuanzia hapo nikawa kama mtu aliyepewa ufunguo. Homo na vir, Kiingereza wameandika "man" zote mbili, sisi ni mtu na mwanamume, mwisho wa habari. Tu na vos wameandika neno moja, sisi ni wewe na nyinyi. Avunculus ameandikwa "uncle", na kuna patruus kwenye kamusi naye ni "uncle", kumbe avunculus ni mjomba, ndugu wa mama, na patruus ni baba mkubwa au baba mdogo, na amita ni shangazi, na matertera ni mama mkubwa au mama mdogo. Warumi walihesabu ukoo kama sisi, mi nikaenda kuuliza njia kwa watu wenye neno moja.

Res nayo. Kadi inasema "thing". Ukiitumia hiyo "kitu" kwenye sentensi kumi itakufaa mbili. Res ni mambo. Res secundae mambo yakiwa mazuri, res adversae mambo yakiwa mabaya, res novae mambo mapya ambayo maana yake ni mapinduzi, res publica mambo ya umma yaani dola. Andika JAMBO/MAMBO kwa herufi kubwa.

Ago ndo ninayoipenda kuliko zote. Wameandika "drive, do". Halafu unakutana na gratias ago natoa shukrani, vitam ago naishi, causam ago natetea kesi, fabulam ago naigiza, unashindwa kuelewa hiki kitenzi kina tabia gani. Jibu ni kwamba kina tabia ya piga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga hatua, na hakuna anayepigwa. Hukariri maana ya piga, unaangalia imeshika mkono wa nani. Ago hivyohivyo, usimkariri peke yake, mkariri na mwenzake. Na peto, ambayo kadi imeorodhesha kutafuta, kuomba, kushambulia, kuelekea, kama vitu vinne visivyojuana, mi nimeandika kuendea. Romam petit, anaiendea Roma. Hostem petit, anamwendea adui. Ukijua anamwendea kwa shari au kwa heri umeshajua utafsiri vipi.

Si kila mahali tunashinda lakini, tuwe wakweli. In urbem ni kuingia mjini na in urbe ni kuwa mjini, la kwanza ni umbo la akuzativi, la pili ablativi, na sisi -ni yetu inameza zote mbili, naenda mjini, nakaa mjini, kwa hiyo hapo niliacha Kiingereza chao maana kinatenganisha. Suus na eius pia, "wake" ya kwetu haisemi ni wake mwenyewe au wa mwingine, imebidi niandike "wake mwenyewe" kwenye suus. Na hostis na inimicus nilikuwa natafsiri adui zote mbili kwa uvivu, mpaka nikaona hostis ni adui wa taifa zima, na inimicus ni yule mliyegombana naye wewe binafsi.

Kadi za kijivu, vile vineno vidogo, ndo dhaifu kuliko zote. Cum wameandika "with" basi, wakati ikija na ablativi ni pamoja na, na ikija na kitenzi inaweza kuwa wakati, au kwa kuwa, au ingawa. Ut vilevile, kitenzi chake kikibadilika hali, maana ya ut nayo inabadilika. Hawajasema kwamba enim (kwa maana) na autem (lakini) hazianzi sentensi, zinakaa nafasi ya pili, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa naandika sentensi zinazoanza na autem kama ilani ya serikali. Hawajaweka kabisa -que, hiyo "na" inayoning'inia mwisho wa neno kama kwenye senatus populusque Romanus, eti kwa sababu si neno kamili nadhani. Wala -ne, ambayo ni "je" yao. Nonne na num zipo, ila kwa maana moja, wakati nonne inangoja jibu la ndiyo ("si ulisema?") na num inangoja hapana ("kwani nimesema?"). Hivi vineno ni vichache lakini vipo kila mstari, kadi moja ya cum yenye mistari minne ingefaa kuliko kadi ishirini za vyeo vya jeshi.

Karatasi ni nzuri, ngumu, kalamu haivuji upande wa pili, nadhani hawakujua ningeandika hivi ila wamenisaidia. Mfuniko ulipasuka kona mwezi wa pili nimefunga raba.

Kama una nidhamu ya kutengeneza kadi mwenyewe usinunue, chukua orodha ya bure kata karatasi anza na hamsini, mwandiko wako mwenyewe na vistari vyake na Kiswahili nyuma. Kama huna, kama mimi, nunua, ila nunua na kamusi yenye vistari na kalamu mbili, usilitumie lilivyo. Anayetaka Kilatini cha kuongea halimfai kabisa. Anayetaka kusoma baada ya mwaka litamfikisha mlangoni.

Langu kwa sasa ukiligeuza upande wa Kiingereza sehemu kubwa haisomeki, limechorwa chorwa. Kadi ya ago imejaa mpaka nimeigundishia nyingine nyuma yake, na juzi nimemwongezea mwenzake wa nane.